Denver na Salt Lake City: ugomvi wa theluji na jibu lililoko barabarani

Mkutanishe mpenzi wa skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, wa Denver na mwenzake wa Salt Lake City, kisha uhesabu dakika. Hazifiki tano kabla hawajaanza kubishania theluji. Wa Salt Lake City atakuonyesha kibao cha namba cha gari lake: tangu 1985 jimbo la Utah limekuwa likiandika kwenye vibao hivyo kwamba theluji yake ndiyo bora kuliko zote duniani. Kampuni moja ya sarakasi iliona maneno hayo yanafanana mno na ya tangazo lake, ikaenda mahakamani, ikashindwa. Wa Denver hababaiki na kibao cha gari. Atakuhesabia kwa vidole vituo vya skii vya jimbo lake la Colorado: Vail, Breckenridge, Keystone, Copper Mountain, Winter Park, Arapahoe Basin, Loveland. Kisha atauliza Utah ina lifti ngapi, yaani viti vya nyaya vya kupandisha watu mlimani, zinazofika kimo cha za kwao.

Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Tatizo ni swali lenyewe. Theluji hupimwa kwa sentimita, lakini siku ya mtu anayekwenda kuteleza hupimwa kwa saa: ameamka saa ngapi, amekaa garini kwa muda gani, na amefika juu kabla au baada ya wenzake kuikanyagakanyaga theluji iliyoanguka usiku. Ukiyatazama majiji haya mawili hivyo, mambo mengi yanayodhaniwa kuwa tabia za watu yanaonekana kuwa kazi ya milima: imekaa wapi, na inafikiwaje.

Ukuta na tambarare

Salt Lake City iko bondeni, mita 1,290 hivi juu ya usawa wa bahari, na safu ya Wasatch imesimama mashariki yake kama ukuta. Hakuna vilima vya kukupisha taratibu. Nyumba za mwisho za mjini zinagusa mguu wa mlima, na kutoka hapo vilele hupanda zaidi ya mita 2,000. Ukuta huo umechanwa na makorongo. Ndani ya korongo la Little Cottonwood kuna Alta na Snowbird. Korongo jirani, Big Cottonwood, lina Brighton na Solitude. Kaskazini kidogo, barabara kuu ya I-80 inapenya hadi Park City na Deer Valley. Kutoka katikati ya jiji hadi Alta ni karibu kilomita 50, mwendo wa chini ya saa moja barabara ikiwa kavu na tupu.

Denver iko mita 1,609, yaani maili moja kamili, na kwenye ngazi za jengo la serikali ya jimbo kuna alama ya kukuthibitishia. Kwa sababu ya sifa hiyo watu hulichukulia kuwa jiji la mlimani, kumbe ni jiji la tambarare linaloitazama milima kwa mbali. Na ile inayoonekana kutoka mjini ni ya mbele tu. Vituo vikubwa vimejificha nyuma yake, vingi vikiwa ng'ambo ya mgongo unaoyagawa maji ya bara: ya upande huu huelekea Atlantiki, ya upande ule Pasifiki. Breckenridge ni kilomita 130 hivi kutoka Denver. Vail ni zaidi ya 150.

Njia ya huko ni moja, barabara kuu ya I-70. Inapanda hadi karibu mita 3,400 na kuingia Handaki la Eisenhower, lenye urefu wa kilomita 2.7 na matundu mawili, la pili likiwa limekamilika mwaka 1979. Kabla ya handaki magari yalipita juu kabisa, kwenye Loveland Pass, mita 3,655, na hadi leo malori yenye shehena hatari hulazimika kupita huko kwa kawaida, kwa kuwa hayaruhusiwi ndani.

Theluji hazifanani, na sababu si ile unayoambiwa

Dhoruba za majira ya baridi huzaliwa Pasifiki. Zikiipanda safu ya Sierra Nevada kule California humwaga maji mengi, kisha huvuka jangwa la Nevada zikiwa zimepungua uzito. Baada ya jangwa, kikwazo kikubwa kinachozingoja ni Wasatch. Hewa ikiugonga ukuta haina pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, na ikipoa huachia unyevu wake. Alta, iliyo mwisho wa korongo, hupokea karibu mita 13 za theluji katika msimu wa kawaida. Msimu wa 2022 hadi 2023 zilianguka inchi 903, karibu mita 23, kiasi cha kuzika nyumba ya ghorofa kadhaa kama theluji isingeshuka na kujishindilia yenyewe. Vail, ambayo haipewi jina la kituo kikame hata kidogo, hupata takriban mita 9.

Wenyeji wa Salt Lake City hupenda kulishukuru Ziwa Kuu la Chumvi lililo mlangoni mwao. Hoja yao ina msingi. Maji yake yana chumvi nyingi hivyo hayagandi kirahisi, na hewa baridi ikipita juu yake huokota joto na unyevu na kuvipeleka mlimani. Ila mchango wa ziwa hukuzwa kupita kiasi. Watafiti walipoupima, mvua na theluji zinazotokana na ziwa katika makorongo ya Cottonwood zilionekana kuwa kama asilimia 5 tu ya zote za msimu wa baridi. Zilizobaki ni kazi ya ukuta.

Sifa nyingine inayohitaji kusahihishwa ni kwamba theluji ya Utah ndiyo nyepesi kuliko zote. Pale Alta, ukiyeyusha theluji mpya, maji huwa kama asilimia 8 ya ujazo wake. Ni nyepesi, ndiyo, lakini ile ya katikati ya Colorado ni kavu zaidi kidogo, kwa kuwa dhoruba hufika huko zikiwa zimeshakamuliwa mara kadhaa njiani. Jim Steenburgh, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Utah, ameeleza kwa kina kwamba siri ya Wasatch ni mpangilio. Dhoruba nyingi huko huanza na theluji nzito kiasi, kisha baridi inaongezeka na theluji inazidi kuwa nyepesi hadi mwisho. Tabaka la chini linakuwa godoro, la juu linakuwa pamba. Skii inazama kidogo, inapata pa kuegemea, inaelea. Mpangilio ukigeuka, nzito ikikaa juu ya nyepesi, miguu inanasa na magoti yanalipa.

Colorado ina silaha yake, nayo ni kimo. Kituo cha Arapahoe Basin kinaanzia mita 3,286, yaani mahali unapoegesha gari ni juu kuliko zinakoishia lifti za Alta. Breckenridge ina lifti ya viti inayofika mita 3,914, iliyo juu kuliko zote za Amerika Kaskazini. Baridi ya kimo hicho huihifadhi theluji. Kidogo kinachoanguka hakipotei haraka, ndiyo maana Arapahoe Basin na jirani zake huanza kutengeneza theluji kwa mitambo na kufungua Oktoba inapowezekana, na Arapahoe Basin huendelea mara nyingi hadi Juni. Gharama yake ni upepo usio na mti wa kuuzuia, na hewa hafifu. Mgeni aliyetua jana kutoka pwani, akipandishwa leo hadi karibu mita 4,000, hushikwa na kichwa na kukosa usingizi, na usifikiri ujana utamwokoa.

Hapa ndipo uzuri na hatari vinapokutana. Theluji chache inayokaa muda mrefu kwenye baridi kali hubadilika umbo chini kabisa, karibu na ardhi. Chembe zake zinakuwa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana, kama sukari. Juu ya sukari hiyo zinaanguka theluji za Januari na Februari, na mlima mzima unakuwa umejengwa juu ya msingi unaoteleza. Ndani ya mipaka ya vituo wafanyakazi huilipua na kuishindilia, lakini nje ya kamba ni habari nyingine: Colorado ndiyo inayoongoza Marekani kwa vifo vya maporomoko ya theluji. Theluji ya Wasatch ni nene zaidi na kwa kawaida hujiponya haraka. Hatari yake kubwa imekaa mahali pengine, juu ya lami.

Foleni mbili

Barabara ya Little Cottonwood, ile namba 210, ina urefu mfupi tu, lakini inakatwa na njia 64 za maporomoko ya theluji. Kwa miongo mingi iliwekwa salama kwa mizinga ya kijeshi: barabara inafungwa alfajiri, mizinga inapiga miteremko ili iporomoke kabla ya watu kupita. Aliyeanzisha kazi hiyo kwa mpangilio, Monty Atwater, alifika Alta baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akiwa ametumikia Divisheni ya 10 ya Milimani ya jeshi la Marekani. Mtu aliyezoea milipuko alijua pa kuipeleka.

Hali ikizidi, Alta hutangaza amri wanayoiita Interlodge. Kila mtu abaki ndani ya jengo alimo, na kutoka nje ni kosa kisheria. Februari 2021 amri hiyo ilidumu saa 60. Inasikika kama mateso, lakini kuna watu hulipa fedha nyingi kulala Alta wakiombea wafungiwe, maana lifti zikifunguliwa kabla ya barabara, mlima mzima ni wao.

Kwa wakaaji wa mjini ni kinyume. Asubuhi ya theluji mpya, taa nyekundu za magari hujipanga mdomoni mwa korongo kwa kilomita kadhaa. Kilomita 50 zile za chini ya saa moja zinakuwa saa mbili au tatu. Vituo vimeanza kudai nafasi za maegesho zilipiwe au kuwekwa mapema, mabasi yanapita, na mwaka 2023 idara ya uchukuzi ya Utah ilichagua mpango wa magari ya nyaya yatakayopita angani hadi juu, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 500. Mpango huo uliburutwa mahakamani. Wapinzani wanauliza kwa nini kodi ya wote ijenge njia ya kufikia vituo viwili. Swali hilo lina uzito, na sioni likijibiwa kwa kelele za waliokwama kwenye foleni, hata kama kelele zao ni za haki.

Foleni ya Denver ni ya aina nyingine. Ya Salt Lake City huja na dhoruba. Ya Denver huja na kalenda. Jumamosi alfajiri, theluji iwepo isiwepo, I-70 inajaa kuelekea magharibi, na Jumapili alasiri inajaa kurudi mashariki. Anayetaka kuikwepa huondoka saa kumi na moja alfajiri na kulala kidogo ndani ya gari maegeshoni. Kati ya Morrison na Dotsero sheria inataka gari liwe na matairi au vifaa vinavyofaa theluji kuanzia Septemba hadi Mei, kwa sababu gari moja lenye matairi vipara likiteleza kwenye mpando linaweza kusimamisha maelfu. Kuna basi la jimbo. Na kuna kitu kimoja ambacho Salt Lake City haina: treni. Winter Park ilifunguliwa mwaka 1940 ikiwa mali ya jiji la Denver, kando ya Handaki la Moffat la reli lililokamilika 1928, na treni ya kuwapeleka watu huko ilianza mwaka huohuo wa 1940. Ilisitishwa 2009, ikarudishwa na Amtrak, kampuni ya treni za abiria, mwaka 2017. Inakushusha karibu na lifti, skii begani. Ningekuwa naishi Denver, hii ndiyo ingekuwa hoja yangu ya kwanza kwenye ubishi, si kimo cha Breckenridge.

Foleni zote mbili zimenona kwa sababu ya biashara pia. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts, yenye makao Broomfield karibu na Denver, ilianza kuuza pasi ya Epic, ya kuteleza kwenye vituo vyake, kwa dola 579 kwa msimu wote. Mwaka 2018 kampuni ya Alterra, ya Denver yenyewe, ikaja na pasi ya Ikon. Leo Vail, Breckenridge, Keystone na Park City ziko kwenye ya kwanza. Winter Park, Copper, Alta, Snowbird, Brighton na Solitude kwenye ya pili. Mwenye pasi ameshalipa, kwa hiyo kila siku asiyokwenda anahisi anaibiwa. Asiye na pasi hukutana dirishani na tiketi ambayo katika siku za kilele huko Vail imepita dola 300 kwa siku moja. Na walioko katikati, wafanyakazi, nao walishasema yao: mwisho wa Desemba 2024 waokoaji wa mlimani wa Park City waligoma wakidai malipo bora, wiki ya sikukuu yenye wageni wengi kuliko zote, na sehemu kubwa ya mlima ikabaki imefungwa.

Watu wa mlima

Alta ilianza kama kambi ya madini ya fedha, ikafungua lifti yake mwaka 1939, na mpaka leo hairuhusu wanaoteleza kwa ubao mmoja. Ni skii mbili tu. Deer Valley ina sheria hiyohiyo. Kundi la wapenda ubao liliishtaki Alta mwaka 2014 likidai linabaguliwa, likashindwa. Silitetei katazo hilo, lakini linaeleza kitu kuhusu Salt Lake City: mlima upo karibu kiasi kwamba wenyeji huuchukulia kama mtaa wao, wenye kanuni zake na watu wake. Mtu anaweza kuteleza kwa muda wa saa mbili asubuhi na kuwa kazini kabla ya mchana. Kwake skii si safari.

Kuna sababu nyingine ya kupanda, na haitajwi kwenye matangazo. Januari hewa baridi hunaswa bondeni chini ya hewa ya joto, kama moshi uliofunikwa na sufuria, na uchafuzi wa jiji zima unabaki humo kwa siku nyingi. Ukipanda mita elfu moja unatokea juani. Denver hupata jua lake mjini bila kulifuata.

Kwa mwenyeji wa Denver skii ni safari, na safari hutaka sherehe. Pale Arapahoe Basin kuna ukingo wa maegesho unaoitwa ufukwe, ambako watu huchoma nyama, huweka viti na kukaa mpaka jioni. Baadhi yao, nashuku, hawagusi theluji kabisa. Vail iliota mahali ambapo hapakuwa na mji. Pete Seibert, askari wa Divisheni hiyohiyo ya 10, alifanya mazoezi ya vita Camp Hale huko huko Colorado, akajeruhiwa Italia, akarudi na mwaka 1962 yeye na wenzake wakafungua kituo chenye kijiji kilichojengwa kwa mfano wa Alps. Utah, nchi ya Wamormoni, wafuasi wa dini inayokataza pombe, ilikwenda taratibu upande wa starehe. Hadi 2009 baa zake nyingi zilikuwa klabu binafsi na mgeni alilazimika kulipia uanachama ili anywe, na kiwango cha kilevi kinachoruhusiwa kwa dereva ni asilimia 0.05, cha chini kuliko majimbo mengine.

Michezo iliyokataliwa

Mwaka 1970 Denver ilipewa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976. Waandaaji walisema mashindano yangekuwa karibu na jiji, wakauteua mlima Sniktau kwa mbio za kuteremka. Sniktau hupanguswa na upepo. Picha zake zilipakwa theluji ili zipendeze. Ilipobainika, mbio zikasogezwa mbali zaidi ndani ya milima, gharama zikapanda, na mbunge wa jimbo Richard Lamm akaongoza upinzani uliouliza nani atalipa na nani atabaki na msongamano. Novemba 1972 wapiga kura wa Colorado walikataa kutoa fedha kwa karibu asilimia 60. Salt Lake City ilijitolea kuchukua nafasi hiyo, lakini michezo ikapelekwa Innsbruck.

Salt Lake City haikukata tamaa. Ilipata michezo ya 2002, ikiwa na doa la kashfa ya zawadi kwa wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na Julai 2024 ikapewa ya 2034. Ukuta uliifanyia kazi: viwanja viko karibu. Hata hivyo mbio za 2002 hazikufanyika kwenye makorongo ya Cottonwood, penye theluji nyingi kuliko pote. Makorongo hayo ndiyo chanzo cha maji ya jiji, na yanalindwa kiasi kwamba hata mbwa haruhusiwi kuingia.

Wapiga kura wa Colorado nao hawakuwa wajinga. Waliogopa kwamba Olimpiki ingeleta barabara, barabara ingeleta umati, na milima isingekuwa yao tena. Walipiga kura zao Novemba. Machi 1973, miezi minne baadaye, tundu la kwanza la Handaki la Eisenhower likafunguliwa kwa magari.